Nenda, Chuo Kipumue

Alikuwa anatania, au alikuwa anasema kweli? Mwaka ule nililala na swali hilo na kuamka nalo. Mimi ni mtu wa kuligeuza neno moja mpaka lichakae, kwa hiyo niliyageuza maneno yake kila upande: sauti ilikuwaje, macho yalitazama wapi, alicheka kabla ya kusema au baada ya kusema. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi tu. Nilikuwa nimepata mkataba katika chuo kidogo cha kilimo na ushirika pembeni mwa mji wa Tabora, na pamoja na kufundisha stadi za mawasiliano nilipewa kazi ya kuwashauri wanafunzi waliokuwa wakifeli. Mmoja wa wanafunzi hao aliniambia anaondoka, nami nikacheka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Swali hilo lilikuwa limetulia kwa miaka kadhaa, mpaka mwezi uliopita lilipoamshwa kwenye msiba wa Mwalimu Ngasa, aliyekuwa mkuu wa taaluma pale chuoni. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, akina mama wa jumuiya wanaimba, jeneza linatolewa ndani, ndipo akatokea mwanamume mrefu amevaa koti la marehemu na miwani ya marehemu, anatembea kama marehemu, bega moja juu, mikono nyuma. Akasimama mbele ya wabebaji na kuwaambia kwamba hatoki mtu hapo mpaka watani wapewe chao. Mwalimu Ngasa alikuwa Mnyamwezi kama mimi na yule bwana ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku kwenda pwani na kupita kwenye nchi yao. Mtani ana ruhusa ya kukwambia asichoweza kukwambia mtu mwingine, hata mbele ya jeneza, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Watu wakamtupia sarafu. Akaziokota bila haraka, akainama mpaka miwani ikamtoka puani, akaligonga jeneza kwa kiganja mara mbili. "Haya, Mwalimu," akasema. "Nenda. Nenda, chuo kipumue." Waombolezaji wakacheka na machozi yao, hata mjane alicheka. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanapika, nikachukua kisu, nikaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeniomba nimenye. Bwana yule anaitwa Shomari. Maneno yale yalikuwa yangu.

Chumba cha kazi nilichopewa chuoni mwaka ule kilikuwa zamani stoo ya mbegu, na kilipakana na jiko la chuo. Asubuhi kilinuka dawa ya mbegu, na wapishi wakishakoroga sufuria la saa nne kilinuka uji. Dirisha lake dogo la wavu lilitazama mahali pa kugawia chakula, kwa hiyo niliyasikia yote yaliyosemwa kwenye foleni: nani kaachwa na nani, nani kaazima shati na hajarudisha, mwalimu gani anafundisha huku anatazama dari. Nje ya mlango kulikuwa na benchi. Aliyetaka kuniona alikaa hapo kusubiri, na foleni nzima ya uji ilipita mbele ya magoti yake. Wanafunzi walikiita chumba changu Wodini, na lile likawa benchi la wagonjwa. Ukikaa pale unaulizwa unaumwa nini, takwimu au kemia ya udongo. Wengine walikupa pole kwa sauti ya kilio na kukuuliza umeacha wosia gani. Baada ya muda nikaanza kuona wanafunzi wanakuja na ufagio mkononi, kana kwamba wametumwa kufagia. Kulikuwa na binti aliyeshika kikombe na kujipanga kwenye foleni kama wenzake, akifika usawa wa mlango wangu anachepuka na kuingia kama panya.

Niliyaona haya yote na nikayaandika kwenye ripoti yangu kwa maneno safi: mwitikio wa wanafunzi bado ni hafifu. Kulihamisha benchi nilikufikiria, maana mimi hufikiria kila kitu, ila nilifikiria hivi: benchi ni la chuo, nani atatoa ruhusa, litawekwa wapi, mvua ikinyesha itakuwaje, na je, nikilihamisha sitakuwa nimekiri kwamba kukaa pale ni aibu? Nikaliacha.

Shomari hakuja na ufagio. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi akanyoosha miguu yake yote miwili, na miguu yenyewe mirefu, kiasi kwamba waliokuwa kwenye foleni walilazimika kuiruka. Kila aliyeruka alimwambia pole kwa kazi. Kisha akagonga mlango. "Hodi wodini. Daktari yupo?" Nilimkaribisha kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi, sauti ya mtu mzima. Akauliza jina langu, nikamwambia naitwa Madamu Nyamizi. Akasimama pale pale katikati ya chumba.

"Nyamizi? Mnyamwezi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi nipishe hicho kiti, mtumwa wangu. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Babu zako walifika kwetu miguu imepasuka, mizigo ya watu kichwani, tukawapa maji. Mpaka leo hamjasema asante."

"Maji yenyewe ya chumvi," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike pale chuoni, nikahisi mabega yangu yanashuka. Ni vigumu kueleza jinsi nilivyokuwa nikiogopa mpaka siku ile. Wanafunzi wengi walikuwa rika langu, wengine walinizidi. Nikiwa mkali walinicheka, nikiwa mpole waliniita dada. Kila sentensi niliipima kabla ya kuisema, na baada ya kuisema niliipima tena. Lakini utani ulinipa sentensi zilizokwisha kupimwa na watu wengine kabla sijazaliwa. Kwa Shomari sikuhitaji kufikiri. Alinitukana, nikamtukana, saa ikaisha, akaondoka akicheka, nami nikabaki nikiamini kwamba nimeshauri.

Alikuwa amefeli masomo matatu na alitakiwa kuyarudia kwenye mitihani ya marudio, ile wanayoiita sapu. Asiyefaulu sapu, au asiyetokea kabisa, anaondolewa chuo. Wenyewe husema kadisko. Na ajabu ni kwamba Shomari hakuwa mjinga hata kidogo. Ukimwambia akueleze kwa Kiswahili kwa nini shamba la tumbaku linachoka, alikueleza ukaiona ile chumvichumvi ya ardhini inavyoliwa msimu hadi msimu. Ukimpa karatasi ya mtihani, ambayo ilikuwa kwa Kiingereza, aliandika mistari miwili akaacha. Aliwahi kuniambia kwamba Kiingereza kwake ni kama mgeni wa heshima: kinafika, kinakaa sebuleni, kinakunywa soda, lakini hakiingii jikoni wala hakisaidii kazi. Nilicheka sana. Nikaandika kwenye jalada lake kwamba apate mazoezi zaidi ya lugha, na tukaendelea na habari za Wazaramo na Wanyamwezi.

Naweza kusema kwamba nilikuwa mgeni kazini. Nimelisema hilo mara nyingi, hasa nikiwa peke yangu. Lakini nikikumbuka vizuri, nilijua. Nilijua kwamba kila nilipolikaribia lile swali lenyewe, kwamba anaelewa nini darasani na haelewi nini, alitupa mzaha mezani, nami niliudaka haraka kuliko alivyoutupa. Sote wawili tulikuwa tumekimbilia sehemu moja.

Siku moja, katika darasa langu la stadi za mawasiliano, ilikuwa zamu yake kusimama mbele na kueleza mada kwa Kiingereza. Alisimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Darasa likanyamaza ule ukimya wa kumsubiri mtu aanguke. Basi akaanza kuchezesha mabega, taratibu, kama yuko kwenye ngoma, na darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenye akili angemwacha akae na kumwita baadaye. Mimi nilikuwa mtani, na mtani hujibu. Nikasema kwamba Wazaramo ndivyo walivyo, wakisikia Kiingereza wanadhani ni ngoma ya kumtoa mwali, mdomo unafungwa na mabega yanaanza kazi. Walicheka mpaka wa nyuma wakapiga meza. Shomari alicheka kuliko wote, akarudi kwenye kiti chake anajifuta macho.

Wiki ile hakuja chumbani kwangu. Nililiona hilo na nikalifikiria, na katika kulifikiria nikapata sababu nyingi nzuri, kila moja ikininyima haja ya kumtafuta. Kisha asubuhi moja, foleni ya uji ikiwa ndefu, akaja kuegemea dirisha langu la wavu kwa nje. Nilikuwa nakula andazi.

"Mtani," akasema, kwa sauti ya kusikika na foleni yote, "mimi narudi kwetu. Ijumaa napanda treni. Nimeona niwaachie wenye chuo chuo chao."

Na mimi, andazi mdomoni, nikasema, "Nenda, mtani. Nenda, chuo kipumue."

Foleni ilicheka kutoka mwanzo hadi mwisho. Shomari akapiga fremu ya dirisha kwa kiganja mara mbili, kama konda anavyopiga bodi ya basi kumruhusu dereva aondoke. Akaenda zake. Ijumaa akapanda treni.

Siku za mwanzo nilijiambia kwamba amekwenda kusalimia tu na atarudi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Niliandika ujumbe wa utani nikaufuta, nikaandika ujumbe rasmi unaoanza na ndugu mwanafunzi nikaufuta pia, kwa sababu wa kwanza ulionekana kama naendelea kumcheka na wa pili kama namfukuza. Hatimaye nikaenda kwa Mwalimu Ngasa. Ofisi yake ilikuwa na meza moja kubwa na birika la chai ya rangi lililofunikwa kwa kitambaa, na alikuwa na tabia ya kukumiminia kikombe kabla hujasema lililokuleta. Alinisikiliza akiwa amepandisha lile bega lake. Akaniambia amewaona wengi, wanakuja na kuondoka, na nisijibebeshe. "Anayeondoka mwenyewe, Nyamizi, amejishauri mwenyewe," akasema. Sapu ilikuwa mwisho wa mwezi, asipotokea atakuwa ameamua. Nilitoka pale nimepata nafuu, na sikufika hata kwenye mlango wa chumba changu kabla ile nafuu yenyewe haijaanza kuniaibisha.

Wakati huo maneno yangu yalikuwa yameshaenea. Niliyasikia dirishani. Mtu akimaliza uji wake na kuondoka, wenzake walisema haya nenda, chuo kipumue. Sufuria likiisha, chuo kipumue. Binti mmoja aliyeachwa na mpenzi wake aliambiwa na rafiki yake, kwa upendo kabisa, mwache aende, chuo kipumue. Hawakuwa wakinisema mimi. Walikuwa wameipenda tu sentensi, na kila mmoja aliitumia kama yake, nami nikikaa nyuma ya wavu nasikia sauti yangu inatoka kwenye midomo ya watu, tena imechangamka.

Ndipo nikamsikia Emanueli. Emanueli alikuwa akilala chumba kimoja na Shomari, kijana wa Tura, kile kijiji cha stesheni kwenye njia ya reli mashariki ya Tabora. Alikuwa anamwambia mwenzake kwenye foleni kwamba Shomari hajafika kwao. Kateremka Tura, yuko kwa baba mdogo wa Emanueli, anamenya karanga. Mama yake Shomari alimsomea dua alipopata chuo, akaalika mtaa mzima, sasa atarudije na begi lile lile?

Mwenzake akasema, "Si walikuwa wanataniana tu, yeye na Madamu?"

"Utani gani," akasema Emanueli. "Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja. Alisema walimu wengine wote wanamwambia utaweza, utaweza, kwa sababu ndiyo kazi yao. Mtani ndiye anayekwambia kweli. Akasema, kama mtani wangu kaona siwezi, basi siwezi."

Foleni ikasogea, nao wakasogea nayo. Nilibaki nimeshika kalamu.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Isevya, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Restituta, aliyehamia mjini kutoka Ulyankulu, ambako wazazi wake walifika zamani wakitokea Burundi. Jioni alikuwa anachagua maharage ya kesho kwenye ungo, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikamsimulia yote. Nilimsimulia kwa urefu, nikieleza utani ni nini, ulianzaje, mipaka yake ni ipi, na kwamba kwa mila zetu mtani hakasiriki, kwa hiyo ukitazama upande mmoja sikukosea, ingawa ukitazama upande mwingine... Alinisikiliza mpaka ungo ukaisha.

"Alisema anaondoka?" akauliza.

"Alisema, Mama, lakini kwa utani."

"Ukamwambia nenda."

"Nilimwambia, lakini kwa utani."

"Akaenda?"

"Akaenda."

"Sasa hapo utani uko wapi?" Akamwaga mawe aliyoyatoa kwenye maharage, yakalia kwenye sakafu ya nje. "Sisi kwetu watani hatuna, mwanangu. Mtu akiniambia nenda, nachukua kanga yangu."

Akanipakulia ugali na mlenda wenye karanga, akaniambia nile kabla haujapoa. Nilikula. Nilihisi uso unanichoma kama nimechungulia tanuru, na aibu hiyo ilikuwa tofauti na ile niliyokuwa nayo kabla. Ile ya kwanza ilikuwa ya kujiuliza watu watanionaje. Hii haikuwa na watu ndani yake. Alikuwa Shomari tu na begi lake, ameteremka stesheni isiyo yake kwa sababu hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Nilipanda treni kwenda Tura Jumamosi. Ilichelewa, kama kawaida yake, na ucheleweshaji kwa mtu kama mimi ni sumu, maana nilipata muda wa kutunga hotuba tatu. Moja ilikuwa ya utani, ya kufungulia mlango. Ya pili ilikuwa ya kimwalimu, yenye tarehe ya sapu na kanuni za chuo. Ya tatu ilikuwa ya kuomba radhi, na hiyo niliirekebisha mpaka ikawa inanihusu mimi zaidi kuliko yeye. Dirishani miombo ilikuwa imekauka, majani mekundu, na mahali pengine mizinga ya nyuki ilining'inia juu ya miti. Babu zetu walipita huku kwa miguu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na bado nilitamani safari iwe ndefu.

Nyumba ya baba mdogo wa Emanueli haikuwa mbali na stesheni. Nilimwamkia shikamoo mzee mwenye nyumba, nikamsalimu mkewe kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nikaelekezwa nyuma. Shomari alikuwa amekaa kwenye turubai pembeni mwa lundo la karanga, shati amelivaa ndani nje, vidole vimejaa vumbi. Aliponiona alikung'uta vidole. Kisha akapaza sauti.

"Jamani, nimefuatwa. Mwenye mali kaja kuhesabu watumwa wake."

Wenyeji wakacheka, wakanitazama wakisubiri jibu langu. Mtani asiyejibu ni mtani aliyeshindwa, au ni mtu aliyekasirika, na vyote viwili ni vibaya. Majibu nilikuwa nayo, matatu yalikuwa tayari mdomoni, mojawapo zuri sana. Sikujibu. Nilivua viatu, nikakaa kwenye turubai, nikachota karanga, nikaanza kumenya. Kicheko kikaisha vibaya, kama redio iliyokatika. Mama mwenye nyumba akaniletea matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa, kwenye bakuli pamoja na karanga za kukaanga, akaweka kati yetu, akamwita mumewe ndani kwa sababu aliyoitunga palepale.

Tukamenya. Maganda yakalia vidoleni. Shomari ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mtani, ulimi umeibiwa kwenye treni?"

"Shomari," nikasema, "siku ile dirishani ulikuwa unatania?"

Hakunitazama. Alichagua karanga moja, akaipasua, akakuta punje zote mbili zimeoza, akazitupa.

"Wewe je?" akasema. "Ulikuwa unatania?"

Nilikuja na maswali mengi lakini hilo sikuja nalo. Jibu lilikuwa rahisi, ndiyo, nilikuwa natania, na ningelisema lingekubaliwa, na tungecheka, na kila mtu angebaki alipo. Lakini mimi hugeuza mambo, na nilipoligeuza hilo nikakuta chini yake kitu ambacho sikutaka kukiona. Nilikuwa nimechoka naye. Miezi yote ile jina lake lilibaki kwenye ripoti yangu pale pale, na kila nilipoliona niliona kwamba kazi sijui. Alipoegemea dirisha akasema anaondoka, kitu ndani yangu kilifurahi kabla sijacheka.

"Nusu," nikamwambia. "Nusu nilikuwa natania. Nusu nilitaka uende. Ulikuwa unanionyesha kwamba siwezi kazi."

Nilidhani atasimama aondoke. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ni ya haki.

"Na mimi nusu," akasema.

Tukala matobolwa. Baada ya hapo alizungumza, na sikumkatiza kwa mzaha hata mmoja ingawa alinipa nafasi kadhaa, kwa mazoea tu. Alisema haelewi kinachosemwa darasani tangu mwaka wa kwanza, anaokota neno moja moja kama kuku. Alisema akiuliza kwa Kiswahili anaambiwa uliza kwa Kiingereza, kwa hiyo haulizi. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa njiani hupunguza mwendo.

"Lile benchi, mtani. Mimi nilikuwa nanyoosha miguu ili wadhani nafurahi. Sikai tena pale."

Sikumwahidi kwamba atafaulu, kwa sababu sikujua. Sikumwahidi kwamba benchi litaondolewa. Nilimwambia siku ya sapu, nikamwambia kwamba akija tutasoma kwa Kiswahili kwanza mpaka aelewe, na Kiingereza kitakuja nyuma kikibeba mizigo. Akatabasamu kidogo kwa hilo. Hakusema atakuja. Mama mwenye nyumba alinifungia karanga kwenye mfuko, Shomari akanisindikiza stesheni, na treni ilipoanza kuondoka aliitazama bila kupunga mkono.

Usiku na mchana wa Jumapili nilitafakari, na kwa mara ya kwanza kutafakari kwangu kulinifikisha mahali. Ningeweza kuliondoa lile benchi. Lakini foleni ingejua kwa nini limeondoka, na aliyelikalia jana angebaki mgonjwa aliyeondolewa kitanda. Tatizo halikuwa mbao zile. Tatizo lilikuwa kwamba mimi nilikaa ndani kwenye kiti na wao walikaa nje, na kwamba katika chuo kizima hakuna aliyewahi kumwona mwalimu akikaa mahali pale pa kutojua.

Jumatatu, uji ulipoiva na foleni ilipokunjika mpaka kwenye bomba la maji, nilitoka chumbani na kitabu cha kemia ya udongo cha Shomari alichomwachia Emanueli. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Foleni nzima ikawa inapita mbele ya magoti yangu. Watu wakatazamana. Kisha mmoja, sikuinua macho kumtazama ni nani, akauliza kwa adabu zote, "Madamu, unaumwa nini?"

"Kemia ya udongo," nikasema. "Sielewi ukurasa huu. Nani anaelewa anieleze kwa Kiswahili?"

Nilikuwa sielewi kweli. Sijawahi kuisoma. Wengine walicheka, wengine wakatazama vikombe vyao, na foleni ikaendelea kusogea. Sikupata mwalimu siku ile. Mwalimu Ngasa alipita na kikombe chake, akanitazama, bega likapanda zaidi, akapita. Kesho yake nilikaa tena, na yule binti wa kikombe akaja kukaa ncha nyingine ya benchi, mbali kabisa, bila kusema kitu, lakini bila kujifanya yuko kwenye foleni. Siku iliyofuata alisogea na kuniambia aya ya pili nimeisoma kinyume. Emanueli naye akaja, kwanza akisimama, kisha akiegemea ukuta. Nilikuwa na aibu kila asubuhi. Sikuzoea, na sitaki kusema nilizoea. Nilitoka tu nikakaa.

Nilikuwa pale, kitabu mapajani, nikibishana na binti yule kuhusu chokaa, nilipoona foleni inageuza vichwa. Shomari alikuwa amesimama mbele ya magoti yangu na begi lile lile begani, vumbi la Tura kwenye viatu. Foleni nzima ilikuwa nyuma yake ikisubiri aseme kitu cha kuchekesha. Aliitazama ile sehemu ndogo iliyobaki kwenye benchi, kati yangu na ukuta.

"Sogea, mtumwa wangu," akasema.

Nikasogea.